Mwaka Alioapa Bila Kujua

Siku ya pili ya matanga mwanangu aliniletea simu yake chumbani nisikilize yaliyosemwa na wanaume kwenye ukumbi wa msikiti. Mimi nimo edani, sitoki, na kila linalotokea nje ya mlango huu linanifikia kwa njia hiyo, kwenye kioo cha simu au midomoni mwa wajukuu. Msemaji alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, Kiarabu chake kimenyooka, na aliyapanga maisha ya mume wangu kama mtu anayepanga nguo kabatini: huku koti la uwakili, huku magwanda ya jeshi, huku joho la ubalozi. Akasema marehemu alikuwa wakili kule Unguja, kisha akawa afisa katika jeshi la Sultani, na kwa jinsi utumishi wake ulivyopendeza akapandishwa kutoka jeshini kwenda kuiwakilisha nchi. Hapo nikacheka. Mjane mzima, nguo za eda mwilini, nikacheka mpaka binti yangu akanishika bega akidhani ni kilio. Kupandishwa, ati. Khalfan hakupandishwa na mtu. Khalfan alitoka jeshini hana cheo wala kazi, na siku aliyotoka ndiyo siku niliyojua nimeolewa na nani. Simlaumu yule kijana. Mambo hayo hayakuandikwa popote, na tulioyasikia kwa masikio yetu tumebaki mmoja, naye ni mimi. Basi nitayasema kama nilivyoyasikia.

Habari za nani alizaliwa na nani, na nani alipanda meli gani mwaka wa sitini na nne, naziacha. Kila nyumba yetu hapa Maskati ina hadithi hiyo, na kila nyumba huamini ya kwake ndiyo yenye machozi zaidi. Mimi naanzia mwaka wa sabini, kwa sababu ndio mwaka niliokuwa bado bibi harusi, sijui kupika chakula cha watu wa huku, sijui hata jua lao. Tulikaa kwa Bi Zuwena, shangazi yake mume wangu, ndani ya ukuta wa mji, karibu na Mlango Mkubwa. Bi Zuwena alikuwa mzaliwa wa hapa aliyeolewa Unguja ujanani akarudi mjane, kwa hiyo alikuwa na lugha zote mbili na dharau kwa watu wa pande zote mbili. Nyumba yake ilikuwa ndefu kwenda juu, ngazi zimelika katikati, na kiangazi tulilala darini na mashuka tuliyoyarowesha maji, maana majabali yanayouzunguka mji yalikuwa yakilinyonya jua mchana kutwa kisha yakiturudishia. Chini palikuwa na chumba cha wageni wanaume, sabla wanavyoiita huku, chembamba, mikeka chini na mito ukutani, na juu boriti za mikoko zilizotoka kwetu Afrika zamani sana. Nilizoea kuzitazama zile boriti nikiwa na huzuni, nikiziambia moyoni, nanyi pia mmeletwa. Kati ya sabla na chumba chetu cha wanawake palikuwa na mwanya wa mlango usio na ubao, umewekwa pazia la bluu. Elimu yangu yote ya mwaka ule niliipata nyuma ya pazia lile.

Chakula kilikuwa vita. Bi Zuwena alitaka wali na mchuzi wa papa mkavu uliokolezwa ndimu kavu mpaka unakukunja uso. Mimi nilitaka nazi. Nazi zilikuwa zikija mara moja moja, zimekaa safarini hadi zimechacha, na nilipofanikiwa kupata nzuri nilijifungia jikoni nayo kama mtu aliyeokota dhahabu. Bi Zuwena akinusa harufu huita kutoka ngazini, "Nyie watu wa karafuu, hata maji ya kunywa mngeyatia tui." Mume wangu alikula vyote viwili. Alikaa kati yetu, akaonja huku na huku, akafuta vidole na kutoa hukumu: pande zote mbili zina haki, na mahakama inaomba iongezewe mchuzi. Wakili ni wakili. Mimi nilimwita hivyo hivyo, Wakili, tangu tulipooana, na hata alipokuwa balozi mbele ya wageni wa heshima jina lilinitoka mdomoni, naye aligeuka na kuitika.

Uwakili wake aliukuta hauna pa kuutia. Alisomea Uingereza, akafanya kazi Unguja miaka michache kabla mambo hayajaharibika, na alipofika Maskati akakuta mwenye shauri huenda mwenyewe mbele ya kadhi, akasema yake, akarudi nyumbani. Hakuna aliyehitaji mtu wa kumsemea. Jeshi ndilo lililokuwa likitafuta mtu anayejua Kiingereza cha maofisa na Kiarabu cha wenyeji, wakamvisha magwanda, wakampa nyota begani. Alikuwa kapita umri wa miaka thelathini, tumbo limeanza kutangulia, na hajawahi kushika bunduki hata ya kuwindia njiwa. Mafunzo yalimkondesha. Lakini alipendeza, tena nasema bila haya: siku ya kwanza aliposhuka ngazi na kofia yake, Bi Zuwena, ambaye hakuwahi kumsifia mtu aliye hai, alisema, "Haya, si mbaya." Nyumba nzima ile, na jamaa waliokuwa wakifika mmoja mmoja kutoka Unguja na Dubai na Kuwait wakilala kwetu mpaka wapate pa kwenda, wote tulikula kwa mkono wa magwanda yale.

Mwaka ule walimpa kambi ndogo kwenye wadi moja, bonde la mto mkavu, upande wa Qurayyat, naye akawa anakaa huko wiki nzima na kurudi nyumbani Ijumaa. Katika kambi hiyo palikuwa na kisima. Makao makuu ya jeshi yalikwishaamuru zamani kisima kizungushiwe seng'enge kwa ajili ya usalama wa askari, na watu wa kijiji cha jirani, ambao babu zao ndio waliokichimba, wakawa hawateki tena hapo. Khalfan aliikuta seng'enge hiyo wala hakuifikiria sana. Aliniambia tu siku moja, akivua viatu, kuwa wanawake wa kule hupanda majabali kufuata maji mengine, tena mbali. Nikasema maskini. Tukazungumza jambo jingine.

Katikati ya mwaka serikali ikabadilika, akaingia Sultani mpya. Wanaosimulia habari hizo ni wengi na mimi si mmoja wao; nitasema tu kuwa milango ya mji iliyokuwa ikifungwa kila jioni baada ya mzinga kupigwa ikaachwa wazi, redio zikatoka zilikofichwa, na watu waliokuwa hawathubutu kuleta shida zao mjini wakaanza kuzileta. Walikuja na bakora zao na majambia yao, wakauliza njia, wakabisha hodi kwa yeyote aliyedhaniwa ana mkono serikalini. Ndiyo Ijumaa moja, baada ya sala, akaja kwetu Sheikh Hamed, mkuu wa kijiji kile cha wadi, pamoja na wazee wawili. Bi Zuwena na mimi tulikuwa nyuma ya pazia na sinia la halua. Nilichungulia: mtu mfupi, ndevu kazitia hina, dishidashi yake, kanzu ya huku, imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba, na kakaa wima kama aliyekalia kiti cha enzi.

Mume wangu aliwatumikia wageni mwenyewe. Akashika dele, akamimina, akampa Sheikh finjani. Sheikh akaipokea, akaiweka mkekani mbele yake, akakunja mikono. Wale wazee wawili nao wakanyamaza. Sasa, lazima mtu ajue sisi tulivyo. Kwetu Unguja mgeni akiacha kikombe hakijaguswa, mwenyeji hukosa raha: labda kahawa imeungua, labda mgeni kaudhika, labda anaona haya. Dawa yake ni kumlazimisha, na ukimlazimisha sana ndiyo umemheshimu sana.

"Kunywa, Sheikh," akasema mume wangu.

Sheikh akamtazama, akasema, "In sha Allah."

"Itapoa. Tukubadilishie nyingine?"

Sheikh akaiacha finjani ilipo. Nikamsikia mume wangu anacheka kile kicheko chake cha ukarimu, anasogea karibu. "Wallahi, Sheikh, hutoki nyumbani kwangu ila umeinywa kahawa hii. Nimekwishaapa."

Bi Zuwena alinifinya mkono mpaka nikauma mdomo. "Keshatoa," akanong'ona.

"Katoa nini?"

"Hajui. Hiyo ndiyo balaa yenyewe."

Baadaye alinieleza, lakini mwenye kusoma na ajue sasa hivi. Watu wa bara ya Omani, mtu akiwa na haja nzito haianzi kwa maneno. Hupokea kahawa akaiweka chini. Mwenyeji akiona hivyo humuuliza, una haja gani? Akaisikiliza, akaipima, na kama anaiweza ndipo humwambia anywe. Kama haiwezi husema siiwezi, na mgeni hujua. Lakini mwenyeji anayemwambia mgeni anywe kabla ya kuuliza, huyo amekubali haja asiyoijua. Na anayemwapia juu yake amejifunga mikono yote miwili. Hapana mtoto wa bara asiyejua hilo. Khalfan alijua sheria za Waingereza kwa kichwa na hili hakulijua, kwa sababu alilelewa penye karafuu.

Sheikh Hamed akainua finjani, akainywa taratibu, akaitikisa na kuirudisha. "Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Haja yangu ni kisima. Ondoa seng'enge, wanawake wetu wateke kama zamani."

Mume wangu akaweka dele chini, akasema, "Sheikh, kisima si changu. Mimi naamriwa."

Mmoja wa wale wazee akajibu, bila ukali hata kidogo, "Sisi tumekusikia ukiapa." Wakasimama, wakatuombea dua, wakaenda zao. Halua haikuguswa.

Alasiri tulikaa darini, kivulini mwa ukuta, na Bi Zuwena akamweleza alichokifanya. Khalfan akawa anatembea huku na huku mbele yetu, mikono nyuma, kama aliye mbele ya jaji. Akasema mtu hafungwi na asichokijua. Akasema kesi hii angeipasua vipande kabla hajamaliza kumenya chungwa. Kisha akaacha sheria za Uingereza akaingia kwenye dini: hicho ni kiapo cha laghwi, cha ulimi tu, na Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake anasema hamshiki mja kwa viapo vya namna hiyo.

"Kweli kabisa," akasema Bi Zuwena. "Mungu hakushiki. Na watu je?"

"Shangazi, nikiikata seng'enge ile Kanali atanivua nyota. N'takula nini? Mtakula nini?" Akanigeukia mimi. "Salma, weye wasemaje?"

Nilikuwa na mimba, ya kwanza, na ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kulala bila kuota moto na mayowe ya Unguja. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Nilitaka kumwambia, mwache Sheikh aende zake, wanawake wamepanda majabali siku zote na leo watapanda. Lakini nilimwona anavyonitazama. "Wakili," nikamwambia, "mie usinitie. N'kikwambia vunja, utakuja kunichukia. N'kikwambia timiza, utasema mke wangu ndiye aliyenifukuzisha kazi." Akatabasamu kidogo, akakaa chini.

Alianza kwa njia ya adabu. Alikwenda makao makuu akamwomba Kanali, mkubwa wake, Mwingereza, aruhusu kisima kifunguliwe. Akamweleza kisa chote, na Kanali akacheka kwa wema, akampa sigara. Akamwambia amweleze yule mzee kuwa imetokea hitilafu, kila mtu hukosea, mzee ataelewa. Amri ya seng'enge ibaki. Khalfan alirudi na maneno hayo nyumbani akayarudia mezani kama yalivyo, kwa Kiingereza, halafu akasema, "Na kweli ataelewa. Hilo ndilo linaloniuma."

Na kweli Sheikh alielewa, tena kabla ya kuambiwa. Habari za jeshi hazikai ndani ya jeshi. Ijumaa iliyofuata alikuja tena, safari hii peke yake, na hakukubali hata kupewa kahawa. Bi Zuwena na mimi tukakimbilia pazia, mimi na unga wa mandazi mikononi. Sheikh alisema moja kwa moja, "Nimesikia umo taabuni kwa ajili yangu. Nimekuja kukurudishia neno lako."

Mume wangu akafungua mdomo.

"Nisikilize," akasema Sheikh. "Ile siku nilipoweka finjani chini nikakuona unahangaika, ukadhani kahawa ndiyo mbaya, nikajua huyu hajui. Ningekwambia. Nilikuwa na nafasi ya kukwambia. Lakini mke wa mwanangu kaanguka majabalini na ndoo kichwani, kavunjika mguu, na nimekuja kutoka kwenye kitanda chake. Nikanywa. Haya sasa, mbele ya Mungu, nimekusamehe. Kaa na kazi yako, ulee watoto wako."

Hapa ndipo moyo wangu ulipokuwa, na sifichi. Nilisema kimoyomoyo, alhamdulillahi, yamekwisha. Yule mwenye haki mwenyewe ameiachia haki yake. Hapana jaji duniani ambaye angemlaumu mume wangu kwa kupokea alichorudishiwa, na Kanali angefurahi, na mimi ningezaa nikiwa mke wa afisa. Bi Zuwena kando yangu alikuwa kafumba macho. Maji yalisikika yakitona kutoka kwenye mtungi uani.

"Sheikh," akasema mume wangu, "kule kwetu kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu kwenye maneno yao. Nimewatoa wengi, na wamenishukuru. Najua njia zote za kutokea, na hii uliyonifungulia ni nzuri kuliko zote. Kweli sikujua nilichokuahidi. Lakini nilijua kuwa naapa."

"Mwanangu, nimekwishakusamehe."

"Umenisamehe deni la kisima. Kiapo nimekiapa kwa Mungu, nyumbani mwangu, na wanawake wa nyumba hii wakisikia." Akimaanisha sisi, mimi na shangazi yake, na akijua fika tulikuwa wapi. "Njoo kesho asubuhi kisimani na watu wako. Njoni na ndoo."

Nilitoka pale nikaenda jikoni nikaukanda ule unga wa mandazi kwa hasira mpaka ukawa mgumu kama kiatu. Nilikuwa na hofu, nilikuwa na hasira, na chini ya vyote viwili palikuwa na kitu kingine kinapanda ambacho sikukijua jina lake wakati ule. Alipokuja mlangoni nikamwambia bila kumtazama, "Kesho nakuja nawe."

"Barabara mbaya, na weye una hali."

"Umeapa na mie nikisikia. Basi n'taona pia."

Tuliondoka baada ya alfajiri kwa gari la jeshi, Bi Zuwena kaketi nyuma kashika chuma kwa mikono yote miwili, akisoma kila sura anayoijua. Tulipofika kambini askari walijipanga wakampigia saluti. Wengi wao walikuwa Mabulushi kutoka ng'ambo ya bahari, watu wa kazi yao. Sajini wao aliposikia kinachotaka kufanywa akaomba apewe amri, vijana wake wataikata mara moja. Mume wangu akakataa. Akamwambia alete koleo ya kukatia waya na waende wote upande wa pili wa kambi wakanywe chai. Sikuelewa kwa nini mpaka Bi Zuwena aliponielewesha: hakutaka atoe amri ambayo kesho mtu mwingine ataulizwa kwa nini aliitii. Akaikata peke yake, na nyota zake begani, seng'enge ikimrukia na kumchana mikono. Hakuwa fundi. Alichukua muda mrefu, akatukana kwa Kiswahili, maana alidhani hapana anayemfahamu. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama kando na ndoo na viriba, hawaamini. Waya wa mwisho ulipoanguka hakuna aliyepiga vigelegele. Akatoka mwanamke mmoja mzee, akapita karibu naye bila kumwangalia, akatia ndoo kisimani, akasikiliza ilivyogonga maji. Kisha wengine. Sheikh Hamed alisimama mbali, na nilimwona akijifuta uso na kilemba chake. Mimi nilikunywa maji yale kwa kiganja. Yalikuwa na chumvi kidogo, na sijapata kunywa matamu kuliko yale.

Kutoka kisimani alitupeleka nyumbani, akaoga, akavaa magwanda yaliyopigwa pasi, akaenda kwa Kanali kueleza alichofanya. Hakungoja kuitwa. Kanali, kama alivyonisimulia mwenyewe, hakucheka safari hii. Akamwamuru arudishe seng'enge siku hiyo hiyo na mambo yatasahauliwa. Khalfan akasema hawezi. Kanali akamuuliza kama anafahamu maana ya kumwambia hivyo mkubwa wake, naye akajibu kuwa yeye ni wakili na anafahamu maana ya kila neno alilolitamka. Halafu akafungua nyota zake akaziweka mezani, moja moja. Nadhani Kanali hakuwa mtu mbaya. Hakumpeleka mahakama ya kijeshi, alimwachia ajiuzulu. Na alipokwenda mwenyewe kuitazama kambi alikuta wanakijiji wanateka upande mmoja na askari upande wa pili, kuni zimeletwa kambini bila kuombwa, na sajini anajifunza majina ya mbuzi. Seng'enge haikurudishwa tena.

Miezi iliyofuata ilikuwa myembamba. Jamaa waliokuwa wakilala kwetu walipungua kimya kimya, kila mmoja akikumbuka ana ndugu mwingine mahali fulani. Papa mkavu akawa chakula cha mchana na cha usiku, na nazi sikuiuliza tena. Khalfan alikaa nyumbani na dishidashi, akifundisha Kiingereza watoto wa jirani, akitengeneza ngazi zilizolika na kuziharibu zaidi. Watu wa mjini walimcheka. Wapo waliosema barazani, na mimi nikisikia kutoka dirishani, kuwa Mzanzibari ameuza cheo kwa finjani ya kahawa. Siku moja nilimwuliza kama anajuta. Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila kitu, akasema, "Usiku, ndiyo. Asubuhi, la." Jibu hilo nililipenda kuliko kama angesema hajuti kabisa. Nilikuwa nimeanza kutembea kwa shida, miguu imevimba, viatu havinikai, na nikienda sokoni na Bi Zuwena nilitembea kichwa juu hata hivyo. Wanaocheka na wacheke. Mimi nilijua nalala nyumba moja na mtu wa aina gani, na wao hawakujua wanalala na nani.

Mwisho wa mwaka, mchana mmoja, akaja mgeni kutoka kwenye serikali mpya. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuacha swali lizame kabla ya kuuliza jingine. Tulikuwa tumekwishasikia kuwa serikali inatafuta watu waliosoma wa kuwatuma nje, maana nchi ilikuwa imefungwa muda mrefu na sasa ilitaka kujulishana na dunia. Bi Zuwena na mimi tukashika mahali petu. Mgeni aliuliza masomo, akauliza lugha, akauliza Unguja. Mume wangu alijibu vizuri, na nilianza kutumaini mpaka nikaogopa kutumaini. Ndipo mgeni akasema, "Ulikuwa afisa. Kwa nini ulitoka jeshini?"

Nikafumba macho. Sema afya, nikamwomba moyoni. Sema mgongo, mafunzo yamekuumiza mgongo, na hutakuwa umesema uongo mkubwa. Khalfan akamwambia yote. Alimwambia alivyoapa bila kujua desturi ya watu wake mwenyewe, alivyokataa kusamehewa, alivyokata seng'enge kinyume cha amri, alivyovua nyota. Hakujipamba, na hakumchafua Kanali hata kwa neno moja. Nilisikia maisha yetu yakisomwa kwa sauti tulivu, na yalisikika kama maisha ya mtu aliyeshindwa kazi.

Mgeni akasema, "Sisi tunatafuta watu wa kusema na mataifa kwa jina la nchi hii. Na kila nchi huko ina desturi zake ambazo huzijui, kama vile hukuijua hii ya kwetu. Tukikutuma nawe ukakosea tena?"

"Nitakosea," akasema mume wangu. "Na nikikosea nitalipa. Nchi haitalipa."

Sikusikia mgeni alijibu nini, maana alikuwa amesimama na mikeka inapiga kelele. Nilisikia tu akimwambia mlangoni ajitayarishe kusafiri. Bi Zuwena alikuwa kaniegemea begani, analia bila sauti, mwanamke yule aliyesema si mbaya. Mimi nilijishusha pale pale sakafuni, nikaweka mikono yote miwili juu ya tumbo langu, na nikasema kwa sauti, wala sikujali kama wanaume wa sabla watanisikia, "Umemsikia? Huyo ndiye baba'ako."